Bakuli la Paka Mchaguzi: Historia Fupi ya Chakula cha Paka Johannesburg

Katika supamaketi za Johannesburg kuna makopo mawili ambayo yanaweza kuwa na samaki wa aina moja, waliovuliwa katika bahari moja, na bado sheria ikayatenganisha. Kopo la samaki aina ya pilchard linaloliwa na binadamu halitozwi kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu Afrika Kusini inalihesabu kuwa chakula cha lazima kwa mwenye kipato kidogo. Pilchard waliofungwa kwenye kopo kama chakula cha wanyama wa nyumbani wametajwa waziwazi kwamba hawamo katika msamaha huo. Anayemnunulia paka wake hulipa asilimia 15 juu ya bei, kiwango kinachotumika tangu Aprili 2018.

Johannesburg ilipoanza, mpaka huo kati ya chakula cha mtu na chakula cha paka haukuwapo. Ulichorwa polepole na wauza nyama, wenye viwanda, watunga sheria na watengeneza matangazo, na katika muda wote huo swali moja lilikuwa likiruka kutoka mkono hadi mkono: nani ana haki ya kusema kwamba chakula fulani cha paka ni kizuri?

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1886, baada ya dhahabu kuonekana katika shamba la Langlaagte. Ulikuwa mji wa mahema na mabati, wa farasi na nyumbu wanaolishwa nafaka, na penye nafaka panya hawakosi. Machi 1904 tauni ilizuka katika mtaa waliotengewa Wahindi, karibu kabisa na katikati ya mji. Mohandas Gandhi, aliyekuwa wakili mjini hapo, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa. Wakuu wa mji waliwahamishia wakazi Klipspruit, kusini-magharibi, kisha wakauteketeza mtaa mzima kwa moto. Makazi ya Klipspruit yalikuja kuwa chimbuko la Soweto. Palipoungua pakajengwa upya na kuitwa Newtown.

Tauni ni ugonjwa wa panya na viroboto wao. Katika mji wa namna hiyo paka alikuwa na kazi, na mlo wake ulikuwa ujira: panya aliowakamata mwenyewe, maziwa kidogo, makombo ya mezani. Hakuna aliyepoteza muda kujiuliza kama makombo hayo yanamfurahisha.

Uchaguzi ulianza kwenye bucha. Newtown mpya ndiyo iliyokuwa moyo wa biashara ya chakula mjini. Jengo kubwa la soko lililokamilika mwaka 1913 bado limesimama, na siku hizi ndilo makumbusho ya Museum Africa. Nyama iliyotoka machinjioni iligawanywa kwa watu kabla ya kugawanywa kwa uzito. Katika vitongoji vya Wazungu, mabucha ya enzi za ubaguzi wa rangi yaliuza steki na nyama ya kuoka kwa ajili ya familia. Yaliuza pia vipande vya bei ya chini vilivyoandikwa hadharani kwamba ni nyama ya watumishi. Na kando yake mapafu, bandama na nyama ya kusaga ya mbwa na paka. Ngazi hizo za mwisho zilikaribiana mno. Mwaka 1980 mwanasosholojia Jacklyn Cock alichapisha kitabu chake kuhusu wafanyakazi wa nyumbani na waajiri wao, Maids and Madams, kupitia Ravan Press ya Johannesburg. Utafiti wake ulifanyika Rasi ya Mashariki, na chakula walichopewa wafanyakazi kilikuwa moja ya mambo aliyoyachunguza. Historia ya chakula cha paka katika nchi hii haiwezi kuelezwa kwa haki bila kumtaja mwanamke aliyefungua kopo, akajaza bakuli la paka, kisha akarudi kwenye chumba chake cha uani kula alichopimiwa.

Kopo lilitoka mbali. Chakula cha kiwandani cha wanyama wa nyumbani kilianzia London karibu mwaka 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa. Paka wa London wakati huo walikuwa wakihudumiwa na wachuuzi waliopita nyumba kwa nyumba na nyama ya farasi iliyochomekwa kwenye vijiti. Mwaka 1922 ndugu wa Chappel, huko Rockford katika jimbo la Illinois, waliitia nyama ya farasi ndani ya kopo na kuiita Ken-L Ration. Tawi lao la Uingereza lilinunuliwa na Forrest Mars katika miaka ya 1930, na ndilo lililozaa Kit-E-Kat na baadaye kuingia katika ukoo wa Whiskas. Afrika Kusini, iliyokuwa na mazoea ya madukani yaliyofanana na ya Waingereza, ilikuwa na kitu cha ziada: bahari yenye samaki wengi. Uvuvi wa pilchard wa pwani ya magharibi ulifikia kilele mwaka 1962, zaidi ya tani laki nne kwa mwaka mmoja, kabla ya kuporomoka. Samaki hao walikwenda kwenye makopo na kwenye viwanda vya unga wa samaki, na unga huo ni malighafi ya chakula cha mifugo na cha paka pia.

Mwaka 1957 kampuni ya Ralston Purina ya Marekani ilianza kuuza chakula kikavu cha mbwa kilichopikwa kwa mashine iliyokwisha zoeleka katika viwanda vya nafaka za kifungua kinywa. Unga wa nafaka na nyama hukandwa kwa maji na mvuke, hupikwa kwa joto na shinikizo kubwa, husukumwa kupitia tundu dogo na kukatwa. Ukitoka kwenye shinikizo hufura na kuwa punje. Njia hiyo ilifungua mlango wa chakula cha paka kinachokaa miezi bila friji. Lakini punje ikitoka mashineni haina mvuto mkubwa kwa paka. Ndipo wenye viwanda walipojifunza kuinyunyizia mafuta na rojo la maini au viungo vingine vya wanyama vilivyoyeyushwa kwa vimeng'enya. Paka anayelamba punje kwa pupa mara nyingi anafuata ngozi yake ya nje tu.

Hapo paka mchaguzi aligeuka kuwa mteja wa kutafutiwa dawa. Mwaka 1968 mfunza wanyama Bob Martwick alimchukua paka wa rangi ya chungwa katika makazi ya wanyama ya Hinsdale, karibu na Chicago. Paka huyo, Morris, akawa uso wa chapa ya 9Lives, na matangazo yalimtambulisha kuwa mchaguzi kupindukia: akikubali yeye, nani atakataa? Uingereza, Whiskas ilitangaza kwamba wenye paka wanane kati ya kumi walisema paka wao wanaipenda zaidi. Malalamiko yalipopelekwa, maneno yakarekebishwa: wanane kati ya kumi miongoni mwa wale waliotoa maoni. Marekebisho hayo yana uzito. Waliohojiwa walikuwa binadamu, na waliojibu kwamba hawaoni tofauti waliachwa nje ya hesabu.

Afrika Kusini ilichelewa kuingia katika dunia ya matangazo ya namna hiyo. Serikali iliikataa televisheni kwa miaka mingi. Matangazo rasmi ya televisheni ya shirika la utangazaji, SABC, kutoka Auckland Park, Johannesburg, yalianza tarehe 5 Januari 1976, na biashara iliruhusiwa kutangaza humo kuanzia 1978. Mpaka hapo chakula cha paka kilikuwa kimekwisha kuwa na sheria yake kwa muda mrefu. Sheria namba 36 ya mwaka 1947, iliyotungwa kusimamia mbolea, vyakula vya mifugo na dawa za shambani, ndiyo inayosimamia chakula cha paka hadi leo. Kila bidhaa husajiliwa wizara ya kilimo, na mfuko wake hubeba namba inayoanza na herufi V pamoja na jina la sheria hiyo. Paka wa ghorofa ya mtaa wa Killarney, Johannesburg, ambaye hajawahi kukanyaga shamba, kisheria analishwa chakula cha shambani.

Yapo mambo ambayo sheria hiyo hudai: kima cha chini cha proteini na mafuta, kima cha juu cha unyevu na nyuzi, vyote kwa gramu katika kila kilo. Haidai kwamba paka akipende. Na paka, kwa upande wake, hana njia ya kuisoma lebo. Kutoelewana huku ndiko kiini cha habari yote, na inafaa kuangalia paka anapima nini hasa anapoinamia bakuli.

Kwanza hupima kwa pua. Ulimi wake una vionjo mia chache tu, ilhali wa binadamu una maelfu. Utamu wa sukari haupo kabisa katika dunia yake: mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni mojawapo ya zile zinazounda kipokezi cha utamu imeharibika kwa paka wote waliopimwa, wa nyumbani pamoja na chui-milia na duma. Mwaka 2023 watafiti wa Waltham, taasisi ya kampuni ya Mars nchini Uingereza, walieleza jinsi kipokezi chake cha ladha ya nyama kinavyofanya kazi, na kwamba mchanganyiko wa kemikali unaopatikana kwa wingi katika samaki tuna humvutia mno. Hupenda chakula chenye joto la mwili wa windo lililouawa sasa hivi, karibu nyuzi 37. Kilichotoka kwenye friji hukinusa na kuondoka. Hupima pia umbo la punje mdomoni, ulaini wa nyama, na ugeni wa chakula chenyewe. Paka aliyelelewa kwa aina moja ya chakula tangu utotoni anaweza kukigomea kingine kwa siku kadhaa.

Afrika Kusini ina ushahidi wake kuhusu kile paka huchagua pasipo mtu wa kumnunulia. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kwenye kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Marion, katika bahari ya kusini, ili wawamalize panya. Waliwala panya kweli, ila mlo wao mkuu ukawa ndege wa baharini wanaotaga mashimoni. Kufikia 1977 walikadiriwa kuwa paka zaidi ya 3,000, na ndege waliokuwa wakiuawa kila mwaka walikadiriwa kupita laki nne. Wanasayansi walitumia virusi, kisha bunduki na mitego. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Wahusika walipangiwa panya, wao wakachagua ndege, na kisiwa kililipa gharama.

Kwa hiyo anayesema paka anajua mwenyewe kinachomfaa ana sehemu ya ukweli. Sehemu iliyobaki ilijulikana kwa uchungu. Mwaka 1975 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka wanaokosa taurini, asidi inayopatikana katika nyama na samaki, huharibika retina na kupofuka. Viwanda viliongeza kidogo. Kisha mwaka 1987, katika jarida lilelile, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaeleza jambo zito zaidi: paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa taurini, ingawa walikuwa wakila vyakula vya dukani vilivyojulikana na vilivyotimiza kiwango cha wakati huo. Walipopewa taurini, mioyo ya wengi ilirudi kufanya kazi. Makampuni yakaongeza kiwango, na ugonjwa huo uliokuwa ukiua paka kwa wingi ukawa nadra.

Paka wale walikuwa wakipenda chakula chao. Walimaliza bakuli na kuomba tena. Hilo peke yake linatosha kuivunja hoja ya tangazo lolote linalojivunia bakuli tupu: kupendwa ni sifa moja ya chakula, kufaa ni nyingine, na mwenye kupima chapa analazimika kuzipima zote mbili.

Miaka ishirini baadaye kipimo cha upande wa pili nacho kilidanganywa. Maabara hukadiria proteini kwa kupima naitrojeni. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ina naitrojeni nyingi kuliko nyama yoyote, na ni rahisi. Wafanyabiashara nchini China waliichanganya katika malighafi ya ngano na mchele, vipimo vikasoma proteini tele, na shehena zikasafirishwa. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Canada ililazimika kuyaondoa madukani makopo na vifuko vipatavyo milioni 60. Miongoni mwa waliokufa kwanza kwa figo walikuwa paka wa jaribio la kawaida la kuonja lililofanyika kwa ajili ya kampuni yenyewe. Waliwekewa chakula ili ijulikane kama watakipenda, wakakila, wakafa. Mwezi uliofuata msiba ulifika Afrika Kusini kwa njia ya gluteni ya mahindi. Royal Canin iliondoa sokoni vyakula vikavu vya mbwa na paka, vikiwemo vya chapa ya Vets Choice, ambayo wengi waliinunua kwa madaktari wa wanyama hasa kwa kuwa waliamini ni salama zaidi ya ile ya supamaketi.

Rafu ya leo ya Johannesburg ni mkusanyiko wa historia hiyo yote. Kuna Whiskas ya Mars, Friskies na Pamper za upande wa Purina, Catmor ya RCL Foods, kampuni iliyotokana na Rainbow Chicken mwaka 2013. Kuna Montego, iliyoanzishwa Graaff-Reinet katika nyika ya Karoo mwaka 2000 na kukua hadi kushindana na majina ya kigeni. Juu yao kwa bei zipo Hill's na Royal Canin kwenye kliniki. Yeoville, mtaa wenye Wakongo, Watanzania na Wamalawi wengi, soko la Raleigh Street linauza kapenta wakavu, ndugu wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao asili yao ni ziwa hilohilo na walipandikizwa Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mtu aliyekulia Kigoma au Uvira, mlo wa paka ni hao, pamoja na ugali uliolowekwa mchuzi.

Dagaa ni chakula halali cha paka, na mara nyingi ndicho kinachomrudisha mezani aliyegoma. Kasoro yake ni kikiwa peke yake kila siku. Samaki wa mafuta mengi bila vitamini E ya kutosha huleta uvimbe wa mafuta ya mwilini; samaki kadhaa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1; wakavu huwa na chumvi. Pilchard wa kopo la binadamu wenye mchuzi wa nyanya wanaweza kuwa na kitunguu, na kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Kodi ile ya asilimia 15 inaweza kumfanya mtu aone kopo la binadamu ni nafuu. Pengine ni nafuu kwa siku ile tu.

Kuhusu lebo, hesabu ndogo inaokoa fedha nyingi. Chukua kopo lenye proteini gramu 80 kwa kilo na unyevu gramu 820. Mfuko wa chakula kikavu una proteini 320 na unyevu 100. Kwa macho, mfuko unaonekana kushinda mara nne. Lakini maji yakiondolewa, kopo lina gramu 80 ndani ya 180 za chakula halisi, yaani asilimia 44. Mfuko una 320 ndani ya 900, chini kidogo ya asilimia 36. Baada ya hapo hutafutwa namba ya V, maneno yanayothibitisha kwamba ni chakula kamili na si kitoweo cha nyongeza, na jina la nyama iliyotumika.

Mchaguzi mwenyewe hatakiwi kushindwa kwa njaa. Huko nyuma ushauri wa kawaida ulikuwa kumwacha mpaka anyenyekee. Ni ushauri wa hatari: paka aliyenenepa akikaa siku chache bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ugonjwa huo huua. Madaktari hupendekeza chakula kipya kiingizwe kidogokidogo ndani ya cha zamani kwa wiki moja au zaidi, na paka aliyekuwa mlaji mzuri akigoma ghafla aangaliwe meno, figo na pua kabla ya kulaumiwa kwa deko.

Viwanda hupima mapenzi ya paka kwa mabakuli mawili yaliyopimwa uzito, yanayowekwa sambamba kwa wakati mmoja. Siku inayofuata nafasi zake hubadilishwa, la kushoto likaenda kulia, kwa kuwa wapo paka wanaopendelea upande tu na wala si chakula. Nyumbani jaribio hilo linawezekana kwa mizani ya jikoni na vifuko viwili vya gramu 85, vikiwa vimepashwa joto sawa. Liendeshwe siku nne badala ya moja, maana siku ya kwanza ugeni huvuta au hutisha, na kinachobaki bakulini siku ya nne ndicho cha kupima uzito na kuandika.